Nani Anakunywa, na Kuna Nini Ndani ya Chupa? Historia Fupi ya Sheria za Ulevi, Kwetu na Ugenini



Mada hii nimeikwepa kwa muda mrefu, na sababu sote tunaijua. Ulevi kwetu ni jambo la aibu, na jambo la aibu halizungumzwi mbele ya watu. Lakini lililotokea nyumbani kwangu limenilazimisha nikae chini niandike, na kwa kuwa kazi yangu ni historia, nitaandika kwa njia ninayoijua.

Mtoto wa dada yangu alikuja hapa Marekani kusoma akiwa na miaka 18. Kijana mpole, mwenye adabu zake. Usiku mmoja, akiwa keshafika 19, alitoka kwenye karamu ya wenzake wa chuo akiendesha gari. Polisi wakamsimamisha kwa sababu ya taa ya nyuma isiyowaka. Akapulizishwa kipimo, kikatoa 0.04. Kwa mtu wa miaka 21 na zaidi, katika takriban majimbo yote ya hapa, hiyo ni nusu tu ya kiwango cha 0.08 ambacho mtu akikifikia huhesabiwa kuwa amelewa. Lakini yeye hakuwa na 21. Kwa walio chini ya umri huo majimbo yote yana kiwango cha 0.02 au chini yake. Maana yake ni kwamba hata bia moja inaweza kukutia hatiani. Akafungwa pingu.

Tulilipa faini, akanyang'anywa leseni kwa miezi kadhaa, tukadhani yamekwisha. Baadaye ikaja taarifa kwamba viza yake imefutwa. Tangu mwaka 2015 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina utaratibu wa kufuta viza ya mtu aliyekamatwa kwa kuendesha gari akiwa amekunywa. Hapa nasisitiza: aliyekamatwa, si lazima awe amehukumiwa. Hakufukuzwa nchini, masomo aliendelea nayo. Ila akitoka, kurudi kunategemea viza mpya, na viza mpya hakuna wa kumhakikishia. Mwaka huo huo mama yangu, bibi yake aliyemlea, akafariki. Kijana akabaki chumbani kwake anafuatilia mazishi kwenye simu.

Siku chache baadaye akanijia. "Shikamoo mjomba. Nataka kukuuliza kitu, usinikasirikie. Nyumbani ni 18, hapa ni 21. Namba hizi nani kazipanga?"

Kusema kweli, mimi mwenye udaktari wa historia sikuwa na jibu la papo hapo. Hili hapa ndilo jibu nililolitafuta.

Kabla ya namba

Tuanze kwetu. Mara nyingi tunasikia kwamba sheria za kileo zimeletwa na wazungu. Si kweli. Katika jamii nyingi za bara, kama vile Wakikuyu, Wakamba na Wachaga, pombe ilikuwa na sheria zake kabla ya mkoloni kutia mguu. Ilikuwa kinywaji cha wazee. Ilipikwa kwa ajili ya mahari, tambiko, kusuluhisha ugomvi au kushukuru waliosaidia shambani. Kijana aliyekuwa hajaoa hakutarajiwa kukaa penye kibuyu. Hakuna aliyeandika kwamba ni miaka 18 au 21. Umri ulipimwa kwa daraja la mtu katika jamii, na mlinzi wa sheria alikuwa kila jicho la mtu mzima kijijini. Tena pombe yenyewe ilikuwa ya nafaka, ndizi, asali au miwa, nyepesi ukilinganisha na spiriti, na ilikuwa haikai siku nyingi bila kuchacha. Aliyeipika alijulikana kwa jina na aliyeinywa alijulikana pia.

Nisitie chumvi nikasema hakukuwa na walevi. Walikuwapo. Ninachosema ni kwamba maswali mawili yaliulizwa pamoja: nani anakunywa, na anakunywa nini? Historia inayofuata ni historia ya jinsi maswali haya mawili yalivyotenganishwa.

Mpaka wa rangi

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba dhidi ya biashara ya utumwa Afrika, na Zanzibar yenyewe ilikuwa miongoni mwa watia saini. Ndani yake mliingizwa vifungu vya pombe kali, vikihusu eneo kubwa la bara, kuanzia latitudo ya 20 Kaskazini hadi ya 22 Kusini. Mahali ambapo spiriti haijazoeleka, au dini inaikataza, isiingizwe wala isitengenezwe kwa ajili ya wenyeji. Mwaka 1919 ukafuata mkataba mwingine, wa Saint-Germain-en-Laye, ukikaza zaidi.

Nia ya baadhi ya waliopigania vifungu hivyo ilikuwa njema, maana spiriti rahisi za Ulaya zilikuwa zimeshaharibu sehemu za Afrika Magharibi. Lakini angalia sheria hizo zilivyotekelezwa kwetu. Mzungu aliruhusiwa kuingiza wiski yake. Mwafrika alikatazwa, awe na miaka 15 au 60, awe tarishi au mwalimu. Kwa sheria ya kileo Mwafrika alikuwa mtoto wa maisha. Hata bia ya chupa ilihesabiwa kuwa kinywaji cha wazungu. Kampuni ya bia ya Kenya ilianzishwa mwaka 1922, na kwa miaka ishirini na kitu Mwafrika aliyeshika chupa yake alikuwa mvunja sheria. Ruhusa ya bia ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1940, na ya spiriti ikachelewa hadi muongo uliofuata.

Na pombe ya kienyeji je? Hiyo ikageuzwa mapato. Kwa kuiga mfumo ulioanzia Durban mwaka 1909, halmashauri ya Nairobi ilipiga marufuku watu kujipikia kwenye mitaa ya Waafrika, kisha ikafungua klabu yake Pumwani katika miaka ya 1920. Faida yake ndiyo iliyotumika kugharimia huduma za Waafrika hao hao. Kwa lugha nyepesi: kunywa, Mwafrika, ila unywe kwetu, na zahanati yako utaijenga kwa kopo lako. Mama aliyepika busaa yake nyumbani kulisha wanawe alipelekwa korokoroni, si kwa sababu busaa yake ni chafu kuliko ya manispaa, bali kwa sababu si ya manispaa.

Hapo ndipo swali la "kuna nini ndani ya chupa" lilipopotea. Lililobaki ni "nani anakunywa", na "nani anapata pesa".

Uhuru na gongo

Ungetegemea uhuru ungelirudisha swali lile la pili. Haikuwa hivyo. Uganda ilitunga sheria ya enguli mwaka 1965: asipike mtu bila leseni. Humo ndimo waragi ya kiwandani ilimozaliwa. Tanzania ikafuata mwaka 1966 na sheria ya moshi, yaani gongo. Kenya ikaipiga marufuku chang'aa kabisa mwaka 1980.

Je, watu waliacha? Sote tumekulia huko, tunajua. Gongo iliendelea kupikwa kando ya mito na kuuzwa uani, na askari akipita anapewa chake. Marufuku ilileta mabadiliko mawili tu. Kwanza, mpishi akawa na haraka na siri. Pili, mnywaji hakuwa tena na wa kumshitakia akiuziwa kitu kibovu, maana kwenda polisi ni kujishitaki mwenyewe.

Matokeo yakaonekana Nairobi, Novemba 2000. Katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga na mitaa ya jirani watu walikunywa pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa kuwa glasi yake iliuzwa shilingi kumi. Zaidi ya watu 120 walikufa na wengine wengi wakabaki vipofu. Mwaka 2005 Machakos, karibu 50 wakafa. Mwaka 2010 Kabale, Uganda, makumi ya watu. Muuaji alikuwa mmoja: methanoli.

Naomba nieleze kidogo, kwani wengi wetu tunasikia "pombe yenye sumu" tukadhani ni dawa ya panya. Kilevi cha kawaida ni ethanoli. Methanoli ni ndugu yake wa viwandani, inayotumika katika rangi, viyeyusho na mafuta. Kwa macho na kwa pua huwezi kuzitofautisha, na methanoli huwa rahisi zaidi. Mfanyabiashara mwenye tamaa huichanganya ili kinywaji chake kiwe kikali kwa gharama ndogo. Ikifika kwenye ini inageuzwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayoshambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Mililita 10 tu zinaweza kumpofusha mtu na mililita 30 zinaweza kumuua. Hatari yake kubwa ni kwamba haina haraka. Mtu analala vizuri, na saa 12 hadi 24 baadaye ndipo anaanza kuumwa kichwa na tumbo, kutapika, kuhema kwa nguvu na kuona ukungu. Jamaa wanasema ni uchovu wa pombe, aachwe alale. Akiwahishwa hospitali anaweza kuokolewa, maana dawa zipo na damu husafishwa kwa mashine. Akiachwa alale, mara nyingi hatoamka, au ataamka haoni. Hili mfikishieni kila mtu nyumbani, mnywaji na asiyekunywa.

Wamarekani nao walipita hapo

Msidhani maafa haya ni ya umaskini wetu peke yetu. Mwana wa dada yangu alipouliza habari za Marekani nilimwambia kwamba hawa jamaa waliionja dawa hiyo hiyo miaka zaidi ya 70 kabla ya Mukuru.

Tarehe 17 Januari 1920 Marekani nzima iliingia katika marufuku ya pombe, tena kwa kurekebisha katiba. Walanguzi wakageukia alkoholi ya viwandani, wakaisafisha kienyeji na kuiuza kama kinywaji. Serikali, badala ya kurudi nyuma, ikaamuru viwanda viongeze sumu ndani ya alkoholi hiyo, methanoli ikiwemo, ili watu waogope. Watu hawakuogopa. Krismasi ya mwaka 1926 hospitali za New York zilijaa wagonjwa na makumi wakafa. Mchunguzi mkuu wa vifo wa jiji, Dakta Charles Norris, akasimama hadharani akasema wazi kwamba serikali inajua inachokitia humo na inajua watu watakinywa, kwa hiyo ina dhamana ya vifo hivyo. Alieleza pia kwamba waliokuwa wakifa ni wale wasio na uwezo wa kununua kinywaji kizuri. Tajiri alikuwa na wiski yake ya kutoka Kanada.

Nani asiyeiona Mukuru hapo?

Marufuku ikafutwa tarehe 5 Desemba 1933. Kila jimbo likaachiwa sheria zake, na mengi yakachagua umri wa miaka 21, kwani ndio uliokuwa umri wa mtu kupiga kura. Mwaka 1971, vijana wakiwa wanakufa Vietnam, umri wa kura ukashushwa hadi 18. Ikaonekana si haki: anayeweza kufa vitani kwa nini asinywe bia? Majimbo karibu 30 yakashusha umri wa kunywa. Ndani ya miaka michache takwimu za ajali zikaanza kusema. Vijana waliokuwa wakiendesha gari baada ya kunywa waliongezeka makaburini, khasa mipakani, pale kijana wa jimbo la 21 alipovuka kwenda kunywa jimbo la 18 kisha akarudi usiku.

Mwaka 1980 mama mmoja wa California, Candy Lightner, alimpoteza binti yake wa miaka 13, aliyegongwa na dereva mlevi aliyekuwa na makosa ya aina hiyo tangu zamani. Dereva huyo hakuwa kijana, alikuwa mtu mzima. Lakini chama cha akina mama alichokianzisha kiliifanya nchi nzima iitazame barabara. Tarehe 17 Julai 1984 Rais Reagan alitia saini sheria iliyosema: jimbo lisilopandisha umri hadi 21 litakatwa sehemu ya fedha za barabara kuu. Jimbo la South Dakota likaenda mahakamani, likashindwa mwaka 1987, na kufikia 1988 majimbo yote yakawa yamekubali.

Basi namba 21 iliamuliwa na fedha za barabara. Lakini haikuamuliwa kwa ubaguzi, na hii ndiyo tofauti yake na ule mpaka wa rangi. Nyuma yake kuna mwili. Ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini, na sehemu inayochelewa zaidi ni ile ya kupima hatari na kujizuia. Utafiti mashuhuri uliotolewa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba, kati ya walioanza kunywa kabla ya kutimiza miaka 15, zaidi ya 40% waliwahi kufikia hali ya utegemezi wa pombe. Kwa walioanza na miaka 20 au zaidi ilikuwa karibu 10%. Wazee wa Kikuyu hawakuwa na takwimu hizi, lakini waliliona jambo lenyewe.

Kurudi nyumbani

Kenya ilijaribu kuyaunganisha tena maswali yale mawili mwaka 2010, kwa sheria ambayo watu wanaiita ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni. Marufuku ya chang'aa ikafutwa, kwa sharti ipikwe kwa kiwango kinachokaguliwa na iuzwe katika chupa. Umri ukawekwa 18, na saa za kuuza zikabanwa. Tanzania nayo, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, ilipiga marufuku viroba, vile vipakiti vya pombe kali ambavyo mwanafunzi aliweza kuvinunua kwa pesa ya chai na kuvificha kwenye soksi. Uganda ikafanya vivyo hivyo mwaka 2019. Hili naliona ni jambo la maana: badala ya kumkimbiza mtoto, waliigusa paketi iliyotengenezwa kumfikia mtoto.

Lakini karatasi peke yake haimlindi mtu. Mei 2014, sheria ya Mututho ikiwa na miaka mitatu na kitu, zaidi ya Wakenya 80 walikufa kwa methanoli. Februari 2024 watu 17 walikufa Kirinyaga, na serikali yenyewe ikaeleza kwamba pombe ile ilikuwa imekamatwa na kuwekwa kituo cha polisi kama kielelezo cha kesi, kisha ikatoroshwa na kurudishwa sokoni. Yaani sumu ilipita mikononi mwa sheria ikaenda kuua.

Somo ninalolipata ni hili. Sheria za ulevi zimejaribu kumzuia mtu kwa rangi yake, kwa dini yake na kwa mfuko wake, na kila mara zimeacha maiti au wafungwa. Mpaka pekee wenye msingi wa kweli ni umri, na hata huo hausimami bila ya kumkagua muuzaji, chupa na barabara. Na pale ambapo mnywaji anaogopa sheria kuliko anavyoiogopa sumu, sumu itashinda.

Neno kwetu sisi tulio nje

Nilipomaliza kumweleza kijana wangu alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Mjomba, haya yote uliyajua. Mbona hukuniambia siku niliyofika?"

Nilimfundisha namna ya kufungua akaunti ya benki, njia za basi, baridi, hata duka la kununua nyama ya halali. La pombe sikumwambia, kwa sababu nilidhani kijana wa nyumba yetu hawezi kuigusa, na kulitaja nikaona kama kumtuhumu. Mwenzangu mmoja aliyeko Muscat aliniambia kwamba na wao hawalisemi, wakitegemea kwamba nchi yenyewe inakataza. Wa London hawalisemi kwa kuwa kila mtu anakunywa, wasemeje? Kila mmoja ana sababu, na mtoto ndiye anayelipa.

Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mlio na wana, wapwa na wadogo zenu wanaotua ughaibuni kusoma, waambieni wiki ya kwanza. Waambieni umri wa kisheria wa nchi waliyoifikia, si ule wa walikotoka. Waambieni kwamba kukamatwa mara moja tu kunaweza kugusa viza. Waambieni kwamba tangu mwaka 1988 kileo kimo katika orodha ya wataalamu wa kimataifa ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na kwamba Shirika la Afya Duniani lilisema waziwazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi kisicho na madhara. Na waambieni neno moja zaidi, ambalo mimi nalisema sasa nikiwa nimechelewa: ukinywa, na Mungu apishe mbali, usishike usukani. Nipigie simu, hata saa tisa ya usiku. Nitakuja kukuchukua, na maswali nitakuuliza asubuhi.

Bibi yake alizikwa Alkhamisi baada ya alasiri. Kwa huku kwetu ilikuwa asubuhi, na kijana alikuwa na mtihani. Alienda akaufanya, akaupasi. Bado hajalizuru kaburi.

Wasaalam.